Bei kwenye posti au "njoo inboksi"? Ulinganisho wa namna za kumjibu mteja wa mtandaoni

Jumatatu asubuhi simu yangu huwa na haya: "Bei?", "Bado zipo?", "Mpo wapi?", "Mambo" halafu kimya, "Mnatuma Mwanza?", "Hiyo ya bluu haichuji?", na mmoja aliyenirushia picha ya posti yangu mwenyewe bila neno hata moja, nijaze mwenyewe. Nauza mashuka, hapa Dar es Salaam. Nilianza na mabegi mawili niliyochukua Kariakoo kwa bei ya jumla, siku hizi nina stoo ndogo na binti anayenisaidia kufunga mizigo. Maswali haya nimeyajibu kwa kila njia: hadharani, inboksi, kwa sauti, kwa simu, kwa ujumbe unaojituma wenyewe nikiwa nimelala. Zote zimeniletea hela na zote zimenikimbizia mteja. Naziweka hapa moja ubavuni mwa nyingine ili wewe unayeanza uchague bila kulipa ada niliyolipa mimi.

Kwanza tuelewane jambo moja. Huku kwetu swali ndilo duka lenyewe. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na hata kabla ya hapo wauzaji wadogo wengi tulikuwa Instagram na WhatsApp, ambako kwetu hakuna kitufe cha kulipia. Mteja anaona picha, anauliza, anajibiwa, anatuma hela, mzigo unamfikia kwa boda au kwa basi. Ukitoa hapo hatua ya kuulizana, biashara haipo. Anayelalamika kwamba wateja wa siku hizi wanauliza tu hawanunui ni sawa na mwenye duka Mtaa wa Kongo anayekasirika kwa sababu watu wanashikashika vitambaa.

Bei: hadharani au inboksi?

Huu ndio ugomvi mkubwa kuliko yote, na kila upande una hoja zake, kwa hiyo tusiwaonee wanaoandika "bei DM".

Wanaoficha bei wana sababu. Jirani anayeuza shuka zilezile akiiona 35,000 yako, kesho anaweka 34,000. Mawinga nao wapo: mtu anachukua picha zako, anaongeza chake juu, anauza kwa watu wake, na bei yako ikiwa wazi mteja wa winga anamruka na kuja kwako, winga anakasirika na kuacha kukuletea oda. Wapo pia wanaoamini kwamba mteja akishaingia inboksi ni kama ameshavuka kizingiti, maneno matamu yatamaliza kazi. Na kuna sababu ambayo hatuisemi kwa sauti: inboksi unaiangalia kwanza picha ya mtu, ukiona amesimama kando ya gari, bei inapanda kidogo.

Sasa mgeukie mteja. Yuko kwenye daladala, bando linakaribia kuisha, ameuliza bei kwa wauzaji watano. Wanne wamemwambia njoo inboksi. Wa tano ameandika "35,000, shuka mbili na foronya nne". Ungekuwa wewe ungemfuata nani?

Halafu kuna kasoro ya kiufundi ambayo wauzaji wengi hawaijui. Unapomwandikia "nimekujibu DM", kama mteja huyo hakufuati, ujumbe wako Instagram hauendi kwenye kikasha chake cha kawaida. Unaangukia kwenye maombi ya ujumbe, sehemu ambayo watu wengi hawafungui mwezi mzima. Yeye anaona umempuuza, wewe unaona amekupotezea muda. Nilikuja kulijua hili pale shoga yangu aliyekuwa akitaka shuka kwa akaunti yake ya pili aliponipigia kunisuta, "mbona umeringa?", kumbe jibu langu lilikuwa limelala huko siku tatu.

Niliweka bei wazi kwenye kila posti. Wanaoniandikia walipungua, sitadanganya, na wiki ya kwanza roho ilikuwa juu. Lakini walioniandikia walibadilika: waliacha kuuliza bei, wakawa wanauliza saizi, rangi na usafiri. Mtu anayeuliza boda kwenda Mbezi ni shilingi ngapi ameshatoa hela mfukoni kichwani mwake. Yule jirani wa 34,000? Aliijua bei yangu tangu zamani, aliniulizia kwa namba ya mdogo wake.

Hata hivyo bei ya inboksi ina mahali pake. Ukishona mapazia kwa vipimo vya dirisha la mtu, huwezi kuandika bei moja. Andika "inaanzia" na uweke hiyo ya kuanzia kwa kweli, si ile ya kitambaa ambacho hata huna stoo. Bei ya jumla nayo iwe ya faragha, maana anayechukua seti thelathini na anayechukua moja hawafai kukutana kwenye komenti. Mawinga uwape makubaliano yao pembeni. Lakini kwa bidhaa yenye saizi zinazojulikana na bei moja, kuficha bei ni kumfungia mteja mlango halafu kumwita dirishani.

Jambo dogo: mtu akiuliza bei ilhali umeiandika kwenye posti, mjibu bei. Usimwambie "soma maelezo juu". Wengi wanaona picha tu, maandishi yamefichwa nusu. Na Instagram inakuruhusu kubandika komenti tatu zikae juu ya nyingine. Mimi nimebandika ya bei, ya saizi, na ya tunavyotuma mikoani. Hizo tatu zinafanya kazi ya mfanyakazi wa nusu siku.

Maandishi, sauti, simu, video

Hapa hakuna mshindi wa moja kwa moja, kwa hiyo nimechora jedwali la haraka.

| Njia | Inafaa wapi | Inakwama wapi |
|---|---|---|
| Komenti | Swali ambalo kesho litaulizwa na mtu mwingine: bei, rangi, mpo wapi | Anwani, namba ya simu, kupunguziana bei |
| Maandishi ya WhatsApp | Oda, vipimo, namba ya kulipia. Yanabaki na yanatafutika | Mteja anayesitasita. Neno kavu husomeka kama ukali |
| Ujumbe wa sauti | Maelezo marefu, na mama mtu mzima asiyependa kusoma | Mteja yuko kazini. Bei iliyotajwa katikati ya sauti haipatikani tena |
| Simu | Dakika ya mwisho kabla hajalipa | Ukiwa na wateja kumi kwa mpigo |
| Video fupi | "Rangi ndiyo hiyo kweli?", "Ni pamba kweli?" | Bando la mteja |

Sauti ndiyo inayotudanganya wengi. Ni rahisi kwako: unabonyeza, unaongea huku unakunja shuka, dakika mbili zimeisha. Kwa mteja ni kazi. Atafute mahali pa kusikilizia, asikilize mpaka mwisho, na kesho akitaka kukumbuka ulisema boda elfu tano au elfu saba, aanze upya. Kanuni yangu ni kwamba sauti isibebe namba. Bei, vipimo, siku ya kufika na namba ya kulipia viandikwe, hata kama umeshaviongea. Kukitokea ubishi, maandishi ndiyo shahidi wenu wote wawili.

Simu ya kawaida imedharauliwa bila sababu. Kuna mteja ameuliza maswali saba, umejibu yote, na bado hajalipa. Swali la nane hataliandika, kwa sababu swali lenyewe ni "wewe ni mtu wa kweli au tapeli?" Mpigie. "Dada habari za saa hizi, ni mimi wa mashuka, nikaona tuongee kidogo." Nusu ya hofu inaondoka akisikia sauti, na ukimsikia anasitasita utajua kama tatizo ni hela, mume, au rangi. Ila omba ruhusa kwanza kwa maandishi. Anayepigiwa ghafla akiwa ofisini hakusamehi.

Video sikuipa thamani mpaka nilipochoka na swali la pamba. Kila mtu anaandika "pamba asilimia 100", hata mwenye shuka zinazoteleza kama mfuko wa nailoni, na mteja amejifunza kutoamini. Siku moja nikavuta uzi kwenye pindo la shuka, nikauwasha kwa kiberiti mbele ya kamera. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi, unaacha jivu jepesi linalosagika vidoleni. Nikachukua uzi wa shuka ya poliesta, ukajikunja na kuyeyuka, ukabaki kidonge kigumu cheusi. Sekunde ishirini na tano. Video hiyo naituma hadi leo, na inaeleza kuliko nitakavyoapa. Kwa "haichuji?" nina nyingine, kitambaa cheupe kilicholoweshwa nikisugulia shuka ya bluu. Kwa rangi ya maruni sina video, kwa sababu inachuja kidogo mara ya kwanza, na hilo nalisema hivyohivyo: "Inachuja kidogo ufuaji wa kwanza, ifue peke yake." Sijawahi kupoteza mteja kwa sentensi hiyo. Na usijisahau, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na uongo wa inboksi nao ni uongo, tena wenye skrinishoti.

Jibu lililoandaliwa au unaandika mwenyewe?

WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, ni ya bure na ina vitu vitatu ambavyo wengi wameviwasha bila kuvifikiria. Kuna ujumbe wa makaribisho, unaokwenda kwa anayekuandikia mara ya kwanza au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano. Kuna ujumbe wa kutokuwepo, unaoupangia saa. Na kuna majibu ya haraka, unaandika alama ya mkwaju na neno fupi, jibu zima linajiandika.

Hayo majibu ya haraka ndiyo bora kuliko yote, kwa sababu bado ni wewe unayeamua kuyatuma. Ninayo kumi na mbili. Nikiandika /mkoa linatoka jibu la usafirishaji, nikiandika /saizi linatoka jedwali la vitanda. Kabla ya kubonyeza kutuma naongeza jina lake na kitu kimoja kutoka kwenye swali lake. "Dada, kwa Mwanza basi linaondoka alfajiri…" Sekunde tano, na haisomeki kama tangazo la benki.

Ujumbe wa makaribisho weka, lakini uwe na kitu ndani. Linganisha hizi mbili:

"Asante kwa kuwasiliana nasi. Tutakujibu hivi karibuni."

"Karibu. Shuka za 5x6 ni 30,000, za 6x6 ni 35,000. Tupo Kariakoo, tunatuma mikoa yote. Niandikie saizi ya godoro lako, nakujibu kabla ya saa tatu usiku."

Wa kwanza haumpi mteja kitu. Wa pili unamwachia cha kufanya wakati anakusubiri, na mara nyingi nikifungua simu nakuta vipimo vimeshaandikwa.

Ujumbe wa kutokuwepo ndio uliowahi kuniaibisha. Mteja wangu wa siku nyingi alikuwa na oda ya kuchukua kesho yake. Saa tano usiku akaniandikia kwamba hataweza, amefiwa na mama yake. Simu yangu ikamjibu yenyewe: "Asante mpendwa mteja! Usikose ofa yetu ya wikiendi!" Na emoji ya zawadi. Niliiona asubuhi. Nikampigia, nikaenda msibani, akanisamehe, lakini mpaka leo nikikumbuka natamani kujificha uvunguni. Ujumbe wangu wa usiku sasa ni mkavu kuliko uji usio na sukari: "Tumefunga, tunafungua saa mbili asubuhi. Nitakujibu mwenyewe." Usiweke furaha kwenye ujumbe usiojua unamjibu nani.

Na salamu. Mteja wa Unguja au Mombasa akianza na "Assalaam alaykum", aitikiwe kwanza. Mashine itamwambia "Habari, karibu", na ameshakuweka kwenye kundi fulani hata kabla hujaonyesha shuka. Huyu wa "Mambo" halafu kimya yeye mjibu "Poa, karibu, unatafuta saizi gani?" Usiishie kwenye "poa", mtasalimiana mpaka jioni.

Kujibu alichouliza au kumuuliza kwanza?

Kama ningeruhusiwa kukufundisha sehemu moja tu, ningechagua hii.

Mashuka yanauzwa kwa futi. Vitanda navyo vinatajwa kwa futi: tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Shuka inayouzwa kwa kitanda cha sita kwa sita mara nyingi imekatwa saba kwa nane. Mama mmoja wa Morogoro akaniuliza: "Hii ya 7x8 inaingia kitanda cha 6x6?" Nikamjibu ndani ya dakika moja, na nilijisifu kwa kasi: "Ndiyo dada, inaingia vizuri kabisa." Akalipa. Mzigo ukaondoka. Kesho yake napokea picha ya shuka iliyoning'inia ubavuni mwa godoro kama sketi fupi, na maneno matatu: "Ndiyo kuingia huku?"

Tupige hesabu, maana nilikuja kuipiga nikiwa nimeshachelewa. Upana wa kitanda ni futi 6, yaani inchi 72. Upana wa shuka ni futi 7, inchi 84. Zinabaki inchi 12, sita kila upande. Godoro lake lilikuwa na unene wa inchi 10. Shuka haifiki hata chini ya godoro, sembuse kuchomekwa. Kwa godoro hilo anahitaji upana wa futi 8: inchi 96, zinabaki 24, kumi na mbili kila upande, inafunika ubavu na inchi mbili zinaingia chini. Kwa godoro la inchi 6, jibu langu lingekuwa na nafuu, shuka ingeishia kwenye ukingo wa chini. Kwa lake lilikuwa kosa.

Nililijibu swali lake neno kwa neno na bado nikamdanganya. Alichotaka kujua ni kama atalala bila shuka kumkunjukia usiku. Nauli ya basi ya kurudisha nililipa mimi, na ya kutuma nyingine nililipa mimi, na faida ya seti ile ikaishia njiani Morogoro.

Tangu hapo anayeuliza saizi simpi ndiyo wala hapana kabla sijamuuliza: "Godoro lako lina unene wa inchi ngapi?" Wengi hawajui. Nawaambia wapime kwa rula ya mtoto wa shule. Ni kweli, wapo wanaochoka hapo na kuondoka, na hapa ndipo njia ya jibu fupi inaposhinda: inamshika mteja akiwa bado na moto. Ukiuza kava za simu au hereni, jibu fupi linatosha, hata ukimuuliza swali la ziada unamsumbua. Ukiuza kitu kinachotakiwa kukaa kwenye mwili au kwenye kitu kingine (viatu, nguo, mapazia, shuka, vioo vya simu, vipuri), jibu fupi ni mkopo wenye riba. Muuza viatu aulize "kiatu unachovaa sasa ni namba ngapi, na kinakubana?" Muuza vioo vya simu aombe picha ya mgongo wa simu. Swali moja, lisizidi mawili. Ukimuuliza matano utakuwa unamwandikisha shule.

"Mwisho bei gani?"

Njia ni tatu. Unaweza kuandika "bei haipungui" na kushikilia hapo. Inaokoa muda, na kwa anayeuza nyingi kwa faida ndogo ni sawa kabisa, ila iseme kwa adabu: "Hii ndiyo ya mwisho dada, ndiyo maana nimeiandika wazi." Unaweza kupandisha bei ili uwe na pa kushukia, ndivyo Kariakoo inavyokwenda ana kwa ana, na huko inafaa kwa sababu mnatazamana. Mtandaoni inakuumiza, maana asiyependa kubishana anaona bei ya juu na kupita kimya, hata hujui alikuwepo.

Ya tatu ndiyo yangu: bei haishuki, lakini kuna kitu kingine kinachoweza kuongezeka. Foronya mbili za ziada akichukua seti mbili. Boda nusu juu yangu kama ni Ilala au Magomeni. Anapata ushindi wake, na bei yangu inabaki ileile kwa mteja wa kesho. Haya yote yafanyike faraghani. Ukimpunguzia mtu kwenye komenti umewapunguzia wote, pamoja na aliyelipa bei kamili wiki iliyopita na bado anakufuata.

"Nitajuaje si matapeli?"

Kuna wauzaji wanaokasirika wakiulizwa hivi. Kwa nchi ambayo kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hilo ni swali la mtu mwenye akili. Ukilinganisha namna mbili za kujibu, kuapa na kuonyesha, kuapa hakujawahi kushinda.

Kwa Dar ninaruhusu alipe akiuona mzigo, ila nauli ya boda anatanguliza, kwa sababu boda aliyekwenda Kigamboni na kukuta simu imezimwa bado anataka hela yake. Kwa mikoani analipa kwanza, na hapo ndipo muuzaji anapotakiwa kufanya kazi: Lipa Namba yenye jina la biashara badala ya namba ya mtu binafsi, picha ya mzigo uliofungwa ukiwa na jina lake juu, na baada ya kuufikisha kwenye ofisi ya basi stendi ya Magufuli, Mbezi, picha ya risiti ya mzigo, namba za basi, na simu ya wakala wa upande wa pili. Ninamwambia yote haya kabla hajalipa. Mara nyingi orodha yenyewe inatosha.

Ushuhuda wa wateja wengine unasaidia, lakini angalia unavyouweka. Skrinishoti yenye namba ya simu ya mteja na mtaa anaokaa si tangazo, ni taarifa za mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Muombe ruhusa, ziba namba, ziba jina. Na mteja akiandika namba yake kwenye komenti mwenyewe, mtafute kisha umshauri aifute, maana wanaoisoma si wewe tu.

Aliyeuliza akapotea

Wengine wanamwandikia kila siku: "Dada vipi, bado unahitaji?" Wengine hawamwandikii kabisa, wanasema mwenye shida atarudi. Mimi namwandikia mara moja, siku ya pili au ya tatu, na sirudi bila kitu kipya mkononi: "Ile ya bluu uliyoulizia zimebaki mbili," kama ni kweli zimebaki mbili. Baada ya hapo namwekea lebo tu kwenye WhatsApp, "aliuliza 6x6", namwacha. Mzigo mpya wa 6x6 ukiingia nafungua lebo hiyo kwanza kabla ya kuposti.

Mara nyingi jibu ni "mwisho wa mwezi". Nikaanza kuandika tarehe kwenye lebo. Kuanzia tarehe 24 hivi nafungua "mwisho wa mwezi", na hiyo ndiyo siku ambayo binti wa stoo anakuja na chakula chake, maana anajua hatutatoka saa kumi.